Asiyeweza Kukwambia "Pumzika" Si Kocha

Nenda Coco Beach Jumamosi alfajiri, wauza mihogo wakiwa bado hawajawasha majiko, uhesabu makocha. Utachoka kabla hujamaliza. Yupo mwenye filimbi, yupo mwenye spika ya kubeba begani, yupo aliyechapisha neno KOCHA mgongoni kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wengine juzijuzi tu walikuwa wanauza vocha na bima. Sina ugomvi na vocha wala bima. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua moyo, mapafu na magoti ya mwenzake mikononi mwake bila kuuliza swali hata moja. Fundi baiskeli wa Kariakoo, kabla hajashika spana, atakuuliza kwanza: "Imefanyaje?" Kocha wetu haulizi. Anakutumia namba ya malipo.

Soko hili halikuota lenyewe. Tulianza na klabu za jogging, watu wanakimbia Jumapili kisha wanaishia kwenye supu. Zikaja nusu marathoni, kila taasisi na ya kwake, kila moja na fulana yake. Sasa wenye uwezo wamehamia triathloni: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, vyote siku moja na saa haisimami. Tangu mwaka 2022 Rwanda ina Ironman 70.3 pale Rubavu, ufukweni mwa Ziwa Kivu: kilomita 1.9 majini, 90 juu ya baiskeli, 21.1 kwa miguu. Kwa mtu wa Dar au Nairobi hiyo ni ndege fupi mpaka Kigali na saa chache za barabara. Mtu akitangaza tu kwenye kundi la WhatsApp kwamba amejiandikisha, jua halijazama simu yake imeshajaa makocha. Na wa Nairobi wasidhani kwamba nawasema jirani zao tu. Kule msitu wa Karura mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba wanadanganywa kwa Kiingereza.

Nimeishika mkononi programu moja ambayo jamaa wa Mbezi aliinunua kwa laki mbili na nusu. Kurasa kumi na mbili, rangi za kupendeza, jina la mteja juu kwa herufi nzito. Nikafungua wiki ya tatu, mwezi Januari. Imeandikwa kwamba baiskeli ifanyike ndani ya nyumba kwa sababu barabara zina barafu. Mbezi! Januari, mwezi ambao Dar unatoka jasho ukiwa umesimama bafuni. Ukurasa wa kuogelea ulikuwa umepimwa kwa yadi. Aliyeuza hakuwa ameisoma kazi aliyoiuza. Alibadilisha jina la juu akasahau barafu ya chini. Mteja alipompigia kuuliza, akajibiwa kwa upole wa hali ya juu: "Hiyo we fanya tu nje, bosi."

Nitalirudia hilo "bosi" baadaye, maana ndilo linalotuua.

Kwanza niseme ninachoamini, anayetaka kukasirika akasirike mapema. Kazi ya kwanza ya kocha wa michezo ya ustahimilivu ni kuzuia. Kuhimiza kunakuja mbali huko nyuma. Mtu aliyelipa kwa hiari yake ili ateseke kilomita 113 hana upungufu wa hamasa; hamasa anayo mpaka inamwagika. Anachokosa ni mtu wa kumwambia: basi, leo inatosha, nenda nyumbani ukalale. Mazoezi yanaubomoa mwili. Usingizi, chakula na siku ya mapumziko ndivyo vinavyoujenga upya ukiwa na nguvu kuliko jana. Ukiondoa mapumziko, kilichobaki ni kubomoa tu. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi Norway, alipochunguza ratiba za mabingwa wa ustahimilivu alikuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya taratibu, mwendo ambao mtu anaweza kupiga soga. Mabingwa hao! Huku kwetu mhasibu wa miaka 46, mwezi wa pili tangu aache lifti, anakimbizwa kila siku mpaka ulimi uko nje, na anayemkimbiza anampiga picha na kuandika chini yake kwamba maumivu ni ya muda tu.

Mtu atasema mabingwa wana miili ya chuma, wao hawahitaji kuzuiwa. Basi tumzungumzie mkimbiaji Mkenya, Kelvin Kiptum. Oktoba 2023 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia wakati huo. Kocha wake alikuwa Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, mkimbiaji wa zamani aliyemfahamu Kiptum tangu akiwa mtoto anayechunga mifugo pekupeku na kuwafuata wakimbiaji msituni. Waandishi walipomhoji kuhusu siri ya kijana huyu, alitaja kilomita: zaidi ya 250 kwa wiki, wiki nyingine mpaka 300. Hapo kocha wa mjini angenyoosha kifua. Hakizimana alisema kinyume. Alisema ana hofu, kwamba kwa mwendo huo kijana ataumia, kwamba ndani ya miaka mitano atakuwa amekwisha, na kwamba amemshauri apunguze ila mwenyewe hataki. Mwanafunzi wako anatikisa dunia, wadhamini wanapanga foleni, nawe unatoka hadharani kusema punguza. Wote wawili walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, tarehe 11 Februari 2024, kwa hiyo hatutajua kama kijana angekuja kumsikiliza. Lakini mimi nikiulizwa kocha ni nani, namtaja yule Mnyarwanda kabla ya wote wenye filimbi.

Sasa turudi kwa "bosi".

Mazoezini kwetu mambo yamepinduka. Mwalimu ni kijana aliyepanga chumba Mwananyamala; mwanafunzi ni mkurugenzi mwenye baiskeli inayouzwa bei ya gari. Kijana analipwa kwa siku, na juu ya malipo kuna "ya maji", kuna "ya nauli", kuna noti anayochomekewa mkononi kama mkubwa ameamka vizuri. Mkurugenzi anasema: "Jumapili nataka kilomita thelathini." Kijana anajua kabisa wiki iliyopita mzee alimaliza kumi na nne kwa kuchechemea na kifundo kimevimba. Afanye nini? Mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi mitatu. Anasema: "Sawa bosi, utaweza." Jumapili mkurugenzi anavunjika, Jumatatu anatafuta kocha mwingine, na yule kijana anasimuliwa kwenye makundi kwamba hajui kazi.

Simtetei kijana sana, lakini mwenye kosa kubwa ni mkubwa aliyenunua mtumishi akampachika cheo cha ualimu. Tunataka wa kutusifu. Tunataka mtu wa kushika chupa yetu ya maji, kutupiga picha daraja la Tanzanite likiwa nyuma, na kutuambia tumepungua tumbo. Tukipata mtu wa namna hiyo tunamwita kocha mzuri. Tukipata wa kutuambia ukweli tunasema ana kiburi. Waziri, meneja, mchungaji, wote ni walewale wakivaa kaptula.

Dawa yake inaanzia kwenye malipo, wala haihitaji semina. Mlipe kocha kwa miezi mitatu, na mapema. Muandikiane kwamba siku akikufutia mazoezi analipwa vilevile, na siku ukikaidi ukafanya kinyume ana haki ya kuondoka na hela yake. Acha kumchomekea noti baada ya kila kipindi, maana noti hiyo ndiyo inayomfunga mdomo. Kocha ambaye hela yake ya leo inategemea uondoke umefurahi hawezi kukuzuia.

Na heshima yetu haizuii mtu kukatazwa, asije mtu akanisingizia desturi. Nimemwona mwalimu mmoja wa kuogelea, dada wa makamo, kwenye bwawa la shule moja mjini. Akaja mzee wa watu, tajiri kweli, miwani ya kuogelea imeshakaa kichwani. Mwalimu akapiga goti kidogo:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimesikia ulikuwa na malaria. Dozi umemaliza lini?"

"Jana. Niko fiti."

"Alhamdulillahi. Basi leo kaa pale benchi utuangalizie nguo za wenzako. Jumatatu tutaongea."

Mzee alikaa benchi. Alinung'unika, lakini alikaa, na nguo za wenzake hazikuibwa. Yule dada hana wafuasi Instagram. Foleni ya watu wanaosubiri nafasi kwake, hata hivyo, haipungui.

Bwawa lina afadhali. Bahari ndiyo inayonifanya nipandishe sauti, kwa sababu watu wetu wanafikiri hatari ya triathloni iko barabarani au kwenye jua la kukimbia. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mashindano ya nchini mwao kuanzia 1985 hadi 2016. Waliorodhesha watu 135 waliofariki au ambao mioyo yao ilisimama ghafla mashindanoni. Kati yao 90 ilikuwa wakati wa kuogelea. Asilimia 85 walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa kama miaka 47. Nisomee tena hapo, ewe mkurugenzi: mwanaume, miaka arobaini na kitu, majini. Kwa hesabu ya washiriki wote ni wachache mno, sikatai, na sitaki mtu auze baiskeli yake kwa woga. Lakini kocha anayejua hesabu hiyo atakuuliza siku ya kwanza kama una presha, kama una sukari, kama kifua hubana ukipanda ngazi, na baba yako alifariki na miaka mingapi na kwa nini. Atakwambia uende ukapimwe moyo kabla hajakuandikia mstari mmoja. Dar tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili. Hakuna anayeweza kusema kipimo kiko Ulaya. Kocha asiyeuliza hayo ana haraka na hela yako.

Halafu kuna maji yenyewe. Programu ya simu inasema Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bahari wazi, kilomita mbili. Programu haijui bamvua. Wiki ya mwezi mpevu na wiki ya mwezi mwandamo maji hukupwa mpaka watu wanatembea juu ya miamba wakiokota makome, na saa chache baadaye yanajaa kwa nguvu ya kumbeba mtu mzima. Haijui kwamba kusi likivuma katikati ya mwaka bahari ya asubuhi na ya mchana ni bahari mbili. Nimewaona watu wanane wameambiwa waogelee, maji yako magotini, wanatembea kwa ncha za vidole juu ya mawe na miiba, na kocha yuko mchangani anarekodi video. Watoto wa wavuvi wa Msasani walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Wangeulizwa wao, wangesema: njooni maji yakijaa.

Kwa hiyo kocha wa bahari asiyesoma jedwali la maji, mkimbie. Asiyeloana, mkimbie. Anayepeleka watu wanane majini bila mtumbwi wala ubao wa kupiga kasia pembeni, bila boya la rangi kiunoni mwa kila mmoja, bila mtu wa pili anayejua kuokoa, huyo msimkimbie tu, mzuieni asiingize wengine. Na Ziwa Kivu lisiwadanganye kwa utulivu wake. Aliyejifunzia bwawani, akiutazama mstari mweusi chini, atashangaa siku anapoinamisha uso na kukuta hakuna mstari wala chini.

Kuna hoja ya vyeti, nami nitaipitia haraka kwa sababu pande zote mbili zinaitumia vibaya. Wasio na vyeti wamempenda sana Brother Colm O'Connell. Kweli, aliingia Iten mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia shule ya St Patrick's, hakuwa amesomea riadha, na mkononi mwake akapita David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Hesabu basi. Kati ya 1976 na 2012 ni miaka 36 ya kusimama kwenye vumbi lilelile akitazama miguu ya watoto ikitua chini. Wewe umesimama Coco miezi minane, nusu yake ukiwa unatazama simu. Usijipake mafuta ya Brother Colm.

Wenye vyeti nao wapunguze sauti. Shirikisho la dunia la triathloni lina ngazi zake za mafunzo ya ukocha, na la riadha vilevile. Aliyepita huko amefundishwa mambo ya maana, na mimi nikipewa wawili wanaolingana nitamchukua huyo. Lakini cheti cha wikendi mbili cha kuongoza watu kuruka ruka jimu si cheti cha kumwandaa mtu kwa saa saba za kazi mfululizo. Uliza kimetolewa na nani, kwa mafunzo ya muda gani, na tangu hapo amefundisha nani. Medali nayo ina uongo wake. Aliyekimbia haraka anajua mwili wake. Mwili wako wewe mwenye mgongo wa ofisini ni nchi nyingine kwake. Kocha Mkenya Patrick Sang alipata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, lakini si medali ile iliyomtengeneza bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge. Kijana wa jirani alikuja kumwomba programu. Sang akampa ya siku chache. Kijana akaifanya, akarudi kuomba nyingine. Akapewa nyingine. Miaka zaidi ya ishirini wamekuwa pamoja kwa mtindo huo: kidogo, tazama, ongeza au punguza. Linganisha na kurasa zako kumi na mbili zenye barafu, zilizoandikwa mpaka siku ya mashindano kabla aliyeziandika hajakuona hata ukitembea.

Wapo makocha wa mbali, wa Girona kule Hispania na Boulder kule Marekani, na sitasema wote ni wezi. Wengine wanafanya kazi kuliko hawa wa hapa: wanapiga simu kila wiki, wanauliza umelalaje, wanasoma takwimu za saa yako kabla hawajafungua mdomo. Shida inaanza mtu anapofundisha saa badala ya mwenye saa. Chukua ile kanuni maarufu ya 220 toa umri. Ilitoka kwenye makala ya watafiti watatu mwaka 1971, waliochora mstari wa kukadiria juu ya takwimu za tafiti za wengine, na mtu yeyote anaweza kuwa juu au chini ya mstari huo kwa mapigo kumi au zaidi. Mhasibu wetu wa miaka 46 anaambiwa mwisho wake ni 174. Huenda ni 160, huenda ni 188. Kocha anayekugawia kanda za mapigo kwa kutoa tu, bila kukupima ukikimbia, amekugawia bahati nasibu.

Na wa mbali hajui unaishi wapi mpaka umwambie, wala haoni haja ya kuuliza. Mwezi mtukufu wa Ramadhani, mtu amefunga, saa sita mchana simu inalia: leo vipande vya kasi, usisahau jeli kila dakika ishirini. Astaghfirullah. Kocha wa pwani, hata akiwa Mkristo, anajua mfungaji huogelea taratibu karibu na magharibi, futari ikiwa inanukia, au hufanya kazi nzito baada ya tarawehe na kulala kabla ya daku. Na anajua mwezi huo hakuna kutafuta rekodi. Wa mbali anakuandikia saa nne za baiskeli Jumatano. Wapi? Barabara ya Bagamoyo, katikati ya daladala na malori ya mchanga? Wa hapa anajua malori yanaanza saa ngapi na kipande kipi hakina bega la kukimbilia. Ukimchukua wa mbali, basi mpate na wa karibu hata mara mbili kwa mwezi, mwenye macho.

Dawa na poda nitazimaliza kwa aya moja. Kocha anayeuza virutubisho ni muuza duka, na muuza duka hana siku anayokwambia huhitaji kitu. Sheria ya dunia ya kupambana na dawa zisizoruhusiwa haikuulizi nani alikupa: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama wewe ni mwalimu wa sekondari unayeshindana kwa kujifurahisha. Kenya wanajua uchungu huo tangu Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipokutwa na dawa iliyokatazwa ya EPO mwaka 2014. Wakatunga sheria yao mwaka 2016 na bado wanafukuzana na vichupa. Na yule anayegawa vidonge vya maumivu alfajiri ya mashindano kama peremende, aulize daktari yeyote kidonge hicho kinafanya nini kwenye figo za mtu anayetoka jasho saa saba. Hata maji, ambayo kila kocha hukwambia unywe mengi: Boston 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwenye damu, sababu kubwa ikiwa kunywa kupita kiasi. Asiyejua kukuzuia kwenye kilomita hatakuzuia hata kwenye chupa.

Limebaki ambalo watu wa klabu hawapendi niliandike.

Wanawake wameingia kwa wingi kwenye mchezo huu, na pamoja nao imeingia aina ya kocha anayeona mwili wa mwanafunzi kuwa sehemu ya malipo. "Ngoja nikurekebishe mkao." "Misuli imekaza, njoo nyumbani nikukande." Uzito wa dada mmoja unatangazwa kwenye kundi la watu hamsini, akipongezwa kwa kupungua kilo sita, kumbe amekosa hedhi miezi minne na mifupa ya miguu imeanza kumuuma. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelieleza jambo hilo kwa maandishi: mwili unaopewa kazi nyingi kuliko chakula huzima mambo yake moja moja, na kukosa hedhi ni alama ya mapema. Kocha mwenye akili angemsimamisha mazoezi siku hiyohiyo na kumpeleka kwa daktari. Wa kwetu alimwekea emoji ya moto.

Msinambie anayeleta ushindi anastahili kuvumiliwa. Wazungu wamevumilia, tumeona. Brett Sutton, kocha wa triathloni kutoka Australia, alikiri mahakamani mwaka 1999 makosa ya kingono dhidi ya binti muogeleaji aliyekuwa akimfundisha. Akaendelea na ukocha Ulaya. Chrissie Wellington akawa bingwa wa dunia wa Ironman 2007 akiwa chini yake, Nicola Spirig akatwaa dhahabu ya London 2012. Medali zikawa pazia. Alberto Salazar, kocha wa riadha wa Marekani, alifungiwa miaka minne mwaka 2019 kwa makosa ya dawa. Kifungo cha maisha alichokuja kupewa baadaye kilihusu mwenendo wake kwa wanariadha wa kike. Hao wawili kila mtu aliwajua, kila mtu aliona matokeo yao, na binti hakusaidiwa na matokeo.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Kocha analalamikiwa na dada wawili. Viongozi wanakaa kikao, wanaona aibu, wanamwambia aondoke "kwa amani". Hakuna karatasi. Baada ya wiki tatu anaonekana klabu nyingine, upande wa pili wa mji, fulana mpya, filimbi ileile, na wasichana wapya wamejipanga mbele yake wakipasha misuli moto. Wale viongozi wanamwona kwenye mashindano, wanapeana naye mikono.

Anayetafuta kocha, apige simu klabu mbili alizotoka, azungumze na wanawake waliofundishwa naye, asizungumze na rafiki zake wa kiume peke yao. Aulize: mngemrudisha? Nanyi viongozi, mnaojua majina na mnakaa nayo, mkifukuza mtu andikeni barua. Jina kamili, tarehe, sababu. Nakala iende kwa chama cha mchezo, nakala kwa klabu jirani, na palipo na jinai mpelekeni dada huyo polisi mkiwa naye, asiende peke yake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo. Mlango wake mnaujua. Wengine mnaupita kila asubuhi mkienda kukimbia.